Shajara ya mradi: magari ya Peter Mullin na mikono ya mafundi bodi

Machi 4

Kijitabu kimeanza rasmi. Kitakuwa cha Kiswahili, chenye michoro mingi, na wasomaji wake wa kwanza ni vijana wetu wa kozi ya bodi hapa karakana, Keko, Dar es Salaam. Mada ni Peter Mullin, mfanyabiashara wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya mali yake kukusanya magari ya Kifaransa ya miaka ya 1920 na 1930, akayajengea jumba la makumbusho, na majumba ya wengine nayo akayashika mkono.

Wenzangu wameuliza kwa nini nisiandike juu ya kitu cha karibu zaidi, kama vile namna ya kunyoosha mlango wa Toyota Noah. Hilo tunalifundisha kila siku na tutaendelea kulifundisha. Nimemchagua Mullin kwa sababu magari aliyoyapenda mengi hayakutoka kiwandani yakiwa na bodi. Delahaye, Delage, Talbot-Lago: ulinunua chesisi (fremu ya chini ya gari), injini na gia, kisha ukaenda kwa fundi bodi umwambie unataka nini. Figoni et Falaschi, Saoutchik, Chapron, Letourneur et Marchand, haya yalikuwa majina ya mafundi bodi wa Paris na viunga vyake, na matajiri waliyataja kwa fahari kama wanavyotaja jina la fundi cherehani bingwa. Kijana wa miaka 19 anayeshika nyundo hapa kwetu akiamini kwamba kazi ya bodi ni ya walioshindwa shule, namtaka alijue hilo.

Pamoja na kijitabu tutatengeneza kipande kimoja cha bodi kwa mikono, ili maneno yawe na kitu cha kushika. Nimependekeza mshono wa mgongoni wa Bugatti Atlantic, gari la Kifaransa la miaka ya 1930. Fundi wetu mkuu, mzee wangu aliyenifundisha kazi, amesema tutazame bei ya shata (bamba jembamba) la alumini kwanza.

Machi 11

Sura ya kwanza, maisha yake, imekaa sawa na nimeifanya fupi. Alizaliwa mwaka 1941, akapata utajiri wake California katika bima na mipango ya mafao ya wakuu wa kampuni. Biashara ya aina hiyo haina picha nzuri ya kuchora, na sioni sababu ya kumchelewesha msomaji hapo.

Cha kukaa nacho ni jumba. Mullin Automotive Museum lilifunguliwa mwaka 2010 katika mji wa Oxnard, kaskazini-magharibi ya Los Angeles, kwenye jengo ambalo awali lilihifadhi mkusanyiko wa Otis Chandler, aliyekuwa mchapishaji wa gazeti la Los Angeles Times. Mullin akaligeuza jengo lile lifanane na onyesho la magari la Paris enzi zile, na akaweka humo vitu vingine vya familia ya Bugatti pia: samani za Carlo Bugatti, baba wa Ettore aliyeanzisha kiwanda cha magari, na sanamu za shaba za wanyama za Rembrandt Bugatti, mdogo wake Ettore. Mtu akipita pale aliona mkono uleule wa familia ukipita kwenye kiti, kwenye sanamu ya mnyama, na kwenye madigadi ya gari.

Hapo ndipo Mullin alipowapita matajiri wengi wenye gereji zilizofungwa kwa kufuli. Wengi huweka magari. Yeye aliweka pia maelezo ya kwa nini magari yana sura ile.

Machi 19

Swali la Bugatti kuwa ya Kifaransa au la limetuchukua saa nzima darasani. Ettore alizaliwa Milano, Italia. Alianzisha kiwanda chake Molsheim, Alsace, mwaka 1909, wakati Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Alsace ikarudi Ufaransa, na kiwanda kikarudi nayo. Magari yote yanayohusika na kijitabu hiki yalitengenezwa Ufaransa, kwa hiyo yanaingia. Nimeandika hivyo kwa aya moja na nimefunga mjadala.

Machi 27

Atlantic. Sura hii nimeiandika nikiwa nimesimama, sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyokuja.

Jean Bugatti, mtoto wa Ettore, alipeleka gari la majaribio kwenye onyesho la Paris mwaka 1935. Liliitwa Aérolithe. Bodi yake ilikuwa ya Elektron, aloi yenye magnesiamu nyingi: nyepesi kuliko alumini, lakini ukiisogezea moto wa kuchomelea inaweza kuwaka. Sasa fundi bodi afanye nini na shata ambalo halichomelewi? Alikunja kingo za vipande viwili vikasimama juu, akazibananisha mgongo kwa mgongo, akapitisha ribiti, yaani pini za kufungia shata. Mshono ukawa uti wa mgongo unaoanzia juu ya kioo cha mbele, unapita katikati ya paa mpaka mkiani. Na kwenye madigadi vilevile.

Zilipokuja Atlantic zenyewe, kati ya 1936 na 1938, bodi ilikuwa ya alumini, ambayo inachomeleka vizuri. Mshono wa ribiti haukuwa na ulazima tena. Wakaubakiza. Jambo lililozaliwa kutokana na shida ya kiufundi likawa ndiyo sura ya gari, na leo watu husafiri kutoka bara moja hadi jingine kwenda kuuona mstari ule.

Zilitengenezwa nne tu. Moja, ile nyeusi aliyoitumia Jean mwenyewe, ilipotea wakati wa Vita ya Pili na haijaonekana mpaka leo. Moja iligongwa na treni kwenye makutano ya reli nchini Ufaransa mwaka 1955, ikajengwa upya miaka mingi baadaye. Moja anayo mbunifu wa mavazi Ralph Lauren. Na ya kwanza kabisa, chesisi namba 57374, iliyoagizwa na Victor Rothschild wa Uingereza mwaka 1936, ndiyo iliyofika kwa Mullin mwaka 2010, akawa mmiliki pamoja na Rob Walton wa familia ya Walmart. Bei haikutangazwa, magazeti yaliripoti kati ya dola milioni 30 na 40.

Jean hakuishi kuona lolote kati ya haya. Alikufa Agosti 1939 akijaribu gari la mashindano barabarani karibu na Molsheim, alipomkwepa mtu wa baiskeli. Alikuwa na miaka 30. Vijana walinyamaza kidogo nilipowasomea umri huo.

Aprili 3

Alumini imepatikana Gerezani, shata la milimita moja na nusu, laini kiasi. Ribiti tumenunua zile za kugonga, si za kufyatua kwa bunduki ya mkono. Mzee alisisitiza, na yuko sahihi: ribiti ya kufyatua ina tundu katikati na ingeharibu sura yote.

Aprili 9

Leo ilikuwa siku ya sabuni, na naiandika kwa kirefu kwa sababu itaingia kwenye kijitabu neno kwa neno.

Alumini ukiigonga inakaza. Kadiri unavyoipiga ndivyo inavyokataa kupinda, na ukilazimisha inapasuka kwenye ukingo. Dawa yake ni moto, lakini alumini haibadiliki rangi kama chuma kabla ya kuyeyuka. Chuma kinakuwa chekundu, unakiona. Alumini inakaa kimya na rangi yake ileile, halafu ghafla inakudondokea sakafuni. Kwa hiyo mafundi wa zamani wanapaka sabuni. Mzee alichukua kipande cha sabuni ya mche, akachora mistari juu ya shata kama anayeandika ubaoni, kisha akaupitisha mwali wa gesi polepole kwa upande wa chini, mkono haukai mahali pamoja. Sabuni ikawa njano, ikawa kahawia, ikawa nyeusi. Hapo hapo akaondoa moto. "Umeona? Imeiva. Ukingoja zaidi umepoteza shata." Akaliacha lipoe, akalikunja ukingo kwa vidole viwili mbele ya kila mtu, shata lilelile ambalo asubuhi lilikuwa limekataa nyundo.

Kijana mmoja akauliza kama mafundi wa Molsheim nao walitumia sabuni. Nikamjibu kwamba mbinu hii ni ya kale na imezunguka katika karakana nyingi za dunia, na kwamba kwa hiyo Elektron yenyewe, ambayo ni magnesiamu, wangehitaji tahadhari kubwa zaidi ya moto. Ameomba aandike kisanduku cha "hatari za moto" kwenye kijitabu. Nimempa ukurasa mzima.

Aprili 16

Kingo mbili zimesimama. Urefu wa kipande chetu ni kama mita moja, chenye mpindo wa paa. Ugumu haukuwa kukunja ukingo. Ugumu ni kwamba ukishasimamisha ukingo, shata lenyewe linataka kunyooka, na mpindo wa paa unapotea. Tuliwekea mfuko wa mchanga chini na kugonga kwa nyundo ya mbao kutoka katikati kwenda nje, kidogo kidogo, tukilinganisha na fremu ya mbao kila baada ya mapigo machache. Hakuna aliyekwenda kula mpaka saa nane.

Nafasi ya ribiti tumeigawa kwa bikari, si kwa macho. Jicho la mtu hugundua ribiti moja iliyokaa vibaya kati ya ishirini kabla hajajua anatazama nini.

Aprili 24

Michoro: kijana aliyekuwa anachora nembo za daladala amekubali kazi. Hatutatumia picha za watu. Kila gari litachorwa upya kwa mkono kutokana na vipimo na picha za kutazama tu.

Mei 2

Sura ya Schlumpf na sura ya gari la ziwani. Nimeamua ziwe moja, na hii ndiyo sura ninayotaka vijana waisome hata kama hawatasoma nyingine.

Hans na Fritz Schlumpf walikuwa ndugu wenye viwanda vya nguo Alsace. Fritz alikuwa na wazimu wa Bugatti. Mwaka 1964 walinunua Bugatti 30 kwa mkupuo kutoka kwa John Shakespeare wa Illinois, Marekani, zikasafirishwa kwa treni na meli. Waliyaficha magari katika kiwanda cha zamani huko Mulhouse. Biashara ya nguo ilipoporomoka na wafanyakazi wakapoteza ajira, mwaka 1977 waliingia mle kwa nguvu na kukuta zaidi ya magari 400 yanang'aa, sakafu safi, taa za fahari. Wafanyakazi waliofungiwa kazi wakisimama mbele ya mali ile! Ndugu wale walikuwa wamekimbilia Uswisi. Wafanyakazi walilikalia jengo karibu miaka miwili, wakaonyesha magari kwa watu. Leo mkusanyiko ule ni makumbusho ya umma, Cité de l'Automobile, yaliyofunguliwa 1982.

Lakini kulikuwa na magari mengine, ya akiba, yaliyobaki Malmerspach, kijiji cha Alsace, bila kukarabatiwa, yakila vumbi. Haya ndiyo Mullin aliyanunua mwaka 2008, magari 62. Mtu mwenye fedha zake angeweza kuyatia rangi yote. Mengi aliyaonyesha yakiwa vilevile: rangi imebabuka, viti vimeliwa na panya, kutu juu ya chesisi.

Halafu lile la ziwani. Bugatti Brescia ya 1925 ilikaa chini ya Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi, tangu miaka ya 1930. Inaelezwa kwamba ushuru wake haukulipwa, maofisa wa forodha wakalitosa majini likiwa limefungwa mnyororo ili liweze kuvutwa mwenyewe akilipa, na mnyororo ukakatika. Likazama zaidi ya mita 50. Wapiga mbizi waliligundua 1967, na likawa mahali pao pa kutembelea. Mwaka 2009 waliliibua, ili fedha za mauzo ziende kwenye mfuko uliopewa jina la kijana wa hapo aliyeuawa kwa kupigwa, mfuko wa kupambana na ukatili wa vijana. Januari 2010 liliuzwa kwa mnada Paris kwa euro 260,500. Mnunuzi: Mullin. Hakuligusa. Upande uliozama kwenye tope ulikuwa umehifadhika vizuri zaidi. Ule uliokuwa juu umeliwa mpaka mifupa. Ndivyo lilivyokaa makumbushoni.

Nilimwonyesha mzee mchoro wake.

"Mwalimu, hili ukinipa nafasi na vifaa, mimi nalirudisha."

"Najua, mzee wangu. Yeye alikuwa na uwezo wa kulipa mafundi mia. Akaacha."

"Basi hata chesisi angeikinga. Kutu hailali."

Tumebishana mpaka jioni na hatujakubaliana. Msimamo wangu nimeuandika wazi kwenye kijitabu: gari likikarabatiwa, kazi ya fundi wa kwanza inafunikwa na kazi ya fundi wa pili, hata kama wa pili ni hodari. Rangi ya 1925 ukiikwangua hakuna duka linaloiuza. Lililobaki katika hali yake ndilo linalomwonyesha fundi wa leo namna mwenzake alivyofunga bolti, alivyokata mbao za fremu, alikopaka rangi nyembamba kwa sababu hakuna atakayeona. Na hoja ya mzee kuhusu kutu nimeiweka ukurasa wa pili yake, kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa ni hoja ya kweli ya kila makumbusho.

Mei 10

Ribiti zimeingia zote. Mmoja anashika chuma cha kukingia nyuma, mwingine anagonga. Sauti inabadilika ribiti inapokaa: kutoka mlio wa juu inakuwa nzito. Vijana sasa wanajua kwa sikio.

Mei 15

Delahaye 145, gari la mashindano, nimeipa kurasa mbili. Mwaka 1937 serikali ya Ufaransa na chama cha magari waliweka zawadi ya faranga milioni moja kwa gari la Kifaransa litakaloenda kasi zaidi kilomita 200 katika uwanja wa Montlhéry. Dereva René Dreyfus alishinda kwa Delahaye, wastani wa kilomita 146.654 kwa saa. Aprili iliyofuata, kwenye mashindano ya mji wa Pau, aliishinda Mercedes-Benz mpya iliyokuwa na nguvu kuliko yake maradufu hivi, kwa sababu Mercedes ililazimika kusimama kujaza mafuta na Delahaye haikusimama. Dereva mwenye baba Myahudi, gari lililolipiwa na mwanamke, Lucy O'Reilly Schell, dhidi ya timu iliyobebwa na utawala wa Hitler. Magari ya aina hii yalitengenezwa manne tu, na Mullin aliipenda aina hii kwa dhati. Kuna ubishi wa zamani juu ya chesisi ipi hasa ilishinda ile milioni, na sikutaka kuuingia.

Mei 28

Vijana wameuliza kuhusu Peugeot, na nilitarajia. Hakuna mzee wa Dar au Nairobi asiyeikumbuka 404 kwenye Safari Rally: ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile ya 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland aliyeishi hapa Dar es Salaam. Na 504 ya abiria kwenye barabara za Kenya, inajulikana. Hizi ndizo Kifaransa tulizozijua sisi. Lakini bodi zake zilitoka kwenye mashine ya kukandamiza shata, moja sawa na nyingine, na chesisi na bodi vikiwa kitu kimoja.

Hilo limenipa sura ya saba niliyokuwa naitafuta: kwa nini mafundi wale wa Paris walikwisha. Baada ya Vita ya Pili serikali ya Ufaransa iligawa chuma kwa mpango, kipaumbele kikiwa magari madogo na malori. Kodi ikapanda kulingana na ukubwa wa injini, na gari kubwa likawa mzigo kwa mwenyewe. Delahaye ikamezwa na Hotchkiss, kampuni nyingine ya magari, 1954. Na gari lisilo na chesisi ya kujitegemea haliwezi kupelekwa kwa Figoni avalishe bodi yake. Soko lilikatika chini ya miguu yao wakiwa bado na mikono yao.

Baada ya sura hii nilitoka nje nikatazama kazi tuliyo nayo uani. Magari yote yaliyopo ni bodi moja. Tunachofanya ni kuyarudisha kwenye umbo alilolitoa mtu mwingine.

Juni 6

Sura ya misaada yake kwa majumba mengine. Mullin alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Jumba la Petersen, Los Angeles, wakati lilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena Desemba 2015, lile lenye utepe wa chuma cha pua juu ya ukuta mwekundu. Yeye na mkewe Merle walikifadhili pia ArtCenter, chuo cha usanifu Pasadena ambako wabunifu wengi wa magari ya dunia wamesomea. Kwangu msaada huu wa pili ndio mzito zaidi. Makumbusho huhifadhi kazi ya waliokufa. Chuo hutoa wa kesho. Angekuwa amenunua Delahaye nyingine moja kwa fedha zile, hakuna ambaye angelalamika.

Juni 17

Alifariki Septemba 18, 2023, akiwa na miaka 82. Februari 2024 jumba la Oxnard likafungwa moja kwa moja, na Aprili mwaka huohuo sehemu ya magari ikauzwa kwa mnada palepale. Mengine yalikabidhiwa Petersen.

Nimesitasita jinsi ya kuliandika hili, kwa kuwa linaniuma. Mkusanyiko ni zaidi ya jumla ya magari yake; uliona Voisin ya Gabriel Voisin, mtengeneza ndege, ile C25 Aérodyne ya 1934 iliyompatia Mullin ushindi wa juu kabisa kwenye shindano la magari ya kale la Pebble Beach, California, mwaka 2011, kisha ukageuka na kuona Talbot-Lago yenye umbo la tone la maji ya Figoni, ukaelewa kwamba watu hawa walikuwa wanajibizana. Yakitawanyika kwenye gereji za watu kumi, mazungumzo yanakatika. Lakini pia magari yaliyokwenda Petersen yamekwenda mahali penye bodi ya wadhamini, wahifadhi na wageni wa kila siku, na yeye ndiye aliyesaidia kulijenga jumba hilo likaweza kuyapokea. Nadhani alijua. Mwenye mali anayejenga jumba la jina lake tu anaacha mzigo kwa warithi. Aliyeimarisha pia jumba la watu wote anayaachia magari pa kwenda. Nimeyaandika yote mawili, uchungu na shukrani, bila kujaribu kuyapatanisha.

Juni 25

Hali ya mradi: maandishi yamekamilika, michoro imebaki mitatu (Voisin, Talbot-Lago, na gari la ziwani ambalo mchoraji analirudia ili kutu ionekane kuwa kutu). Kipande cha mshono kimefungwa ukutani kwenye lango la darasa kwa bolti nne, hakikupakwa rangi wala puti, ili alama za nyundo zionekane. Mzee ametaka majina ya vijana wote waliokigonga yachongwe nyuma yake. Tumekubaliana.

Mchapaji ametoa bei ya nakala mia mbili na tunachangishana. Wakati tunangoja, mzee ameanza kukata mbao za fremu kwa ajili ya madigadi ya nyuma ya Talbot-Lago, ile inayofunika tairi kabisa. Shata litahitajika pana zaidi, na sabuni ya mche.